Usinunue tabaini kabla hujaujua mvuke wako

Juzi nimepata meseji ya kijana mmoja, injinia kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti kule Singida, meseji ndefu kweli mpaka nikairudia. Kwa kifupi anasema hivi: "Shikamoo kaka. Bosi kakutana na watu Sabasaba wakamwambia kiwanda chetu kinaweza kujizalishia umeme kwa haya makapi ya alizeti tunayotupa, wanataka watuletee mtambo wa kojenereshoni wa megawati 2. Mimi ndo nimeambiwa niandike ripoti ndani ya wiki mbili. Boila yetu ni ya tani 6 za mvuke kwa saa. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nimekujibu kidogo inbox ila nimeona niandike kwa urefu, maana najua huko viwandani mko wengi wenye swali hilohilo, na wengi wenu mna ndoto niliyokuwa nayo mimi, kuwa siku moja kiwanda kinawaka taa zake chenyewe na watu wanajua nani aliyeifanya ile kazi.

Kwanza tukae sawa kwenye maana. Kojenereshoni ni kuchoma kuni zako, au makapi, au gesi, mara moja, ukapata umeme na joto la kufanyia kazi vyote kwa pamoja. Umeme wenyewe unatoka kwenye tabaini, mashine yenye mapanga yanayozungushwa na mvuke, nayo inazungusha jenereta. Mtambo unaozalisha umeme peke yake kwa mvuke unatupa sehemu kubwa ya joto kwenye kondensa, yaani chombo cha kupoza mvuke ugeuke maji, na mnara wa kupozea, ule wa kawaida unageuza kama theluthi ya moto kuwa umeme au zaidi kidogo, na hii midogo yetu ya kuchoma majani na makapi haifiki hata hapo. Sasa kama una kiwanda kinachohitaji joto, cha kupika sukari, kusafisha mafuta, kukausha mbao, kuchemsha sabuni, lile joto ambalo mwenzako anamwaga wewe ndo mali yako, na ukilipanga vizuri asilimia 75 mpaka 80 na zaidi ya ulichochoma kinafanya kazi. Wala sio jambo jipya. Edison alivyofungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street pale New York mwaka 1882 alikuwa anauza na mvuke kwa majengo ya jirani. Tunachelewa tu sisi.

Mimi nimeanza chini, kwenye kulisha boila, kiwanda kimoja cha sukari ambacho jina lake nitaliacha. Nimefika chuo baadae sana, nikiwa tayari najua kusoma moto kwa rangi yake. Aliyenifundisha ni mzee mmoja fundi wa boila ambaye hakuwa na cheti chochote zaidi ya kile cha uendeshaji boila, lakini alikuwa akiingia shifti anasimama mlangoni kidogo, anasikiliza, alafu anakwambia trapu, kile kifaa cha kutoa maji na kuzuia mvuke, ya pampu ya pili imekwama wazi. Na kweli ukienda unakuta. Yule mzee ndiye aliyenionyesha kitu ambacho kimenipa ugali mpaka leo.

Pale kiwandani kulikuwa na mlima wa bagasi, makapi ya miwa. Wanaofanya kazi kwenye sukari wanaujua. Ukisaga tani 100 za miwa unabaki na kama tani 30 za bagasi, nusu yake ni maji lakini inawaka, na tani moja inakupa kama tani 2 za mvuke. Piga hesabu: tani 60 za mvuke kwa kila tani 100 za miwa, wakati kiwanda kilichopangwa vizuri kinaweza kupika sukari yote kwa tani 40 mpaka 45. Ziada hiyo. Ila viwanda vya zamani vilijengwa makusudi vile vimalize bagasi, maana ilionekana ni takataka, ikirundikana inashika moto yenyewe, kwa hiyo boila za presha ndogo, mvuke unavuja kila kona, na watu wanaona sawa kwa sababu cha kuchoma chenyewe ni cha bure. Na msimu wa kusaga ukipamba moto usiku unasikia sefti valvu inafoka mvuke juu, alafu upande wa pili wa mashamba pampu za umwagiliaji zinakula umeme wa TANESCO, na ukikatika, jenereta la dizeli linaungurumishwa. Nilikuwa naangalia hayo mambo mawili kwa pamoja na roho inaniuma.

Mzee akanipeleka siku moja mpaka kwenye valvu ya kupunguzia presha. Mvuke ulikuwa unatoka boilani na bar 20 na nyuzi 300 hivi, sehemu unapita kwenye tabaini za zamani za kusukuma roli za kusagia na jenereta dogo, na uliobaki wote unapita kwenye hiyo valvu unashushwa mpaka bar 1.5 ndo unaenda kwenye evapareta, mitungi ya kuchemshia maji ya miwa. Ile valvu ilikuwa inapiga kelele huwezi kuongea na mtu. Mzee akanipigia ukelele sikioni: "Unasikia? Hiyo ni kazi inapotea."

Nilivyofika chuo na kujifunza majedwali ya mvuke, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipiga hesabu ile kelele. Tani 10 za mvuke kwa saa kutoka bar 20 na nyuzi 300 kushuka mpaka bar 1.5, ukiziweka kwenye tabaini ya kawaida tu, ya saizi hiyo, isiyo ya ajabu, unapata kilowati 600 hivi. Na mvuke unaotoka kule chini bado una joto karibu lote lile la kupikia, kwa sababu joto kubwa la mvuke liko kwenye ule mgeuko wenyewe wa maji kuwa mvuke na kurudi maji, hilo halishuki kwa kuwa presha imeshuka. Hii ndo siri nzima ya kojenereshoni ya viwandani na ukiielewa hapo umemaliza nusu ya shule. Valvu inashusha presha hailipi kitu. Tabaini inashusha presha ileile na inakulipa.

Niseme ukweli lakini, maana wauzaji hawasemi. Sio umeme wa bure kabisa. Mvuke uliopita kwenye tabaini umepungukiwa joto kidogo, kile kilichogeuka umeme, kwa hiyo ili kiwanda kipate joto lilelile itabidi uchome kidogo zaidi. Ila hicho kidogo unachoongeza kinageuka umeme karibu chote, ukiacha upotevu wa boila na wa jenereta, na hakuna mtambo wa umeme peke yake unaokaribia hapo. Bosi akikuuliza "umeme huu unatoka wapi" mwambie hivyohivyo usimdanganye.

Basi nikarudi kiwandani injinia, na nikaanza kupima. Mita ya mvuke ilikuwa imekufa zamani, hakuna aliyejali, kwa hiyo nilikuwa napima maji yanayoingia boilani, nasoma tenki la maji ya kulisha linashuka kiasi gani kwa saa, natoa ya blodauni, yale yanayomwagwa boilani kutoa uchafu, naandika. Nilinunua kaunta buku, likajaa nikanunua jingine. Msimu mzima. Presha, joto, maji, unyevu wa bagasi, ampia za mota kubwa, saa ambazo valvu imefunguka na saa sefti imefoka. Wenzangu wakaniita mwandishi wa habari. Nilikuwa nabaki baada ya shifti, nakuja Jumapili, hakuna ovataimu ya hiyo kazi. Ndo nikaandika andiko langu, kurasa chache tu: tuzibe uvujaji, tufunike mabomba, turudishe kondenseti, yaani maji ya mvuke uliopoa, tubadilishe roli zisukumwe na mota za umeme, na pale penye valvu tuweke tabaini ya kutoa mvuke kwa presha ya chini, umeme wa ziada uende kwenye pampu za mashamba.

Nikaambiwa tutalifanyia kazi.

Misimu ikapita. Nikiuliza naambiwa bajeti. Nikiuliza tena naambiwa wewe kazi yako ni kuhakikisha boila haisimami. Alafu siku moja wakaja wataalamu wa kutoka nje, wameletwa kwa gharama, wakakaa siku chache pale, na mkuu wangu wa idara akaniita akaniambia "wape lile daftari lako". Nikawapa. Baadae tukaitwa mkutanoni, sisi mafundi tumekaa nyuma kabisa karibu na mlango, na pale ukutani naona namba zangu. Namba zangu zilezile, mpaka ile siku ambayo nilikuwa nimeandika presha imeshuka kwa sababu bagasi ililowa mvua, imo kwenye grafu, ina rangi nzuri. Jina langu halipo. Watu wakapiga makofi. Mwenzangu mmoja akaniangalia akatikisa kichwa tu.

Siwezi kusema nimeshapona kwenye hilo. Nimesamehe ndiyo, ila bado kuna siku nikiliona lile daftari la pili, lililobaki kwangu, nashikwa na kitu kooni. Na hata huo mradi haukufanyika, ripoti ikaenda kabatini. Nikaondoka pale baada ya msimu kuisha.

Sasa kwa nini naandika leo kwa moyo mweupe? Kwa sababu mwaka huu nimeona kwa macho yangu ile ndoto ya yule mzee inazunguka. Kiwanda cha mafuta na sabuni, Kanda ya Ziwa, boila ya pumba za mpunga. Mwenye kiwanda alinitafuta mwenyewe baada ya kusikia habari zangu kwa fundi wake, akaniambia nataka kupunguza bili, nisaidie. Tulichokuta pale ni boila iliyotengenezwa kufanya kazi na bar 20 lakini tangu ifungwe inaendeshwa na bar 10, kwa sababu kazi ya mafuta na sabuni inahitaji bar 3, na waliona kupandisha presha ni kujitafutia balaa. Mvuke wa bar 10 unashushwa na valvu mpaka bar 3. Valvu tena! Nilivyoisikia inapiga ule mluzi nilicheka peke yangu.

Ila sikukimbilia tabaini, na hapa mdogo wangu nataka unisikilize vizuri maana hapa ndo pesa za watu zinapopotelea. Tulianza kwa kuziba. Trapu za mvuke, karibu kila tuliyoifungua ilikuwa na shida, aidha imeganda wazi inamwaga mvuke mzima mzima, au imeziba tenki halipati moto na waendeshaji wameshafungua njia ya pembeni. Mabomba yamevuliwa insulesheni sehemu za matengenezo haikurudishwa. Kondenseti, maji ya moto kabisa, safi, yaliyoshalipiwa dawa, yanaenda mtaroni. Tukarudisha kondenseti kwenye tenki la boila, tukafunika mabomba, tukabadilisha trapu. Matumizi ya mvuke yakashuka, pumba zikapungua, na mwenye kiwanda akaanza kuniamini kabla hata hatujanunua kitu kikubwa.

Ndo tukapima upya. Umeona utaratibu huo? Ziba, alafu pima, alafu ndo uchague saizi ya tabaini. Ukigeuza, ukanunua tabaini kwa mvuke wa kiwanda kinachovuja, siku ukiziba unabakiwa na tabaini kubwa kuliko mvuke wako, na tabaini inayolishwa nusu ya chakula chake ufanisi wake unaanguka vibaya. Nimeona mahali watu wanafungulia mvuke hewani ili tu tabaini ipate mzigo wa kuzalisha umeme. Hiyo sio kojenereshoni tena.

Baada ya kupima tukaangalia ule mvuke unaotumika muda wote, usiku na mchana, sio kilele cha saa nne asubuhi sabuni zikiwa zinachemka zote, na saizi ikatoka hapo. Boila ikakaguliwa, OSHA, wale wa usalama kazini, wakaja, ikapimwa kwa maji ya presha, cheti kikatoka cha bar inayostahili, ndo ikapandishwa. Kwa mvuke usio na joto la ziada, tani 8 kwa saa kutoka bar 20 kushuka mpaka bar 3 inakupa zaidi ya kilowati 300. Inategemea ubora wa tabaini, ila hapo ndo pakutegemea. Tukaweka na separeta ya kutoa matone kabla ya tabaini maana mvuke ule una unyevu na matone yanakula bledi. Na ile valvu ya zamani hatukuitoa, imebaki pembeni, tabaini ikisimama yenyewe inafunguka kiwanda kinaendelea kupata joto. Usije ukamruhusu mtu aiondoe.

Siku ya kuunganisha na TANESCO nilikuwepo. Mhandisi kijana, mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza, ndiye aliyefunga swichi, nilimwambia wewe ndo ufunge, sio mimi na sio mwenye kiwanda. Na pale kwenye paneli tumebandika majina ya wote waliopima, mpaka wa shifti ya usiku. Hilo nililisimamia mwenyewe na wala sikuomba ruhusa.

Kuna swali linakuja kila mahali siku hizi, nalo ni hili: umeme sasa upo, Bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115, mgao umeisha, kwa nini tujisumbue na tabaini? Nawaelewa, na mimi nalifurahia lile bwawa kama Mtanzania yeyote. Ila bwawa halikupi mvuke. Boila yako utaiwasha kesho asubuhi kama kawaida, utachoma zile pumba au magogo au makaa, na ile presha utaishusha kwa kitu fulani. Swali ni ushushe kwa valvu au kwa tabaini. Alafu bili ya mteja mkubwa haina yuniti peke yake, kuna malipo ya kile kilele cha kVA cha mwezi, yaani umeme mwingi kuliko wote uliovuta kwa wakati mmoja, na tabaini inayozunguka muda wote inakishusha kilele. Alafu kuna zile sekunde umeme unayumba, mota zote zinadondoka, mafuta yanaganda kwenye bomba, wenye viwanda wanajua hasara yake hata kama haijaandikwa kwenye bili.

Hapo kwenye kuyumba nitoe angalizo. Kuna jenereta za aina mbili utakazouziwa. Ya induksheni ni rahisi, imara, ila inategemea gridi kuamka, gridi ikizima na yenyewe imezima. Ya sinkronasi ni ghali zaidi na ina mambo mengi ya kusawazisha, ila ukiifunga vizuri na relei zake, vile vifaa vya ulinzi, inaweza kubeba kiwanda peke yake. Muulize bosi anataka nini kabla hujaomba bei. Watu wananunua ya kwanza alafu siku ya kwanza umeme umekatika wanashangaa mbona giza.

Na maji, jamani maji. Boila ya presha ndogo inakusamehe uchafu, tabaini haisamehi. Silika, yale madini ya mchanga yaliyoyeyuka kwenye maji, inapanda na mvuke inakwenda kuganda kwenye bledi, yaani mapanga ya tabaini. Wenzetu wa sukari ndo zaidi, sukari ikipenya kwenye kondenseti ikaingia boilani ni maafa, ndo maana kuna kile kipimo cha alfa-naftoli, unaona duara la zambarau kwenye tyubu ya kioo unajua kuna sukari, unageuza maji hayo haraka. Mtu wa maabara analipwa kidogo kuliko wote na ndiye anayelinda mashine ya bei kubwa kuliko zote. Mlipeni.

Kwa wale mnaosema haya ni mambo ya Ulaya, hapana. Mauritius walianza kuuza umeme wa bagasi kwenye gridi tangu miaka ya 1950, na leo msimu wa miwa ukifika bagasi ni sehemu ya maana ya umeme wa kisiwa kizima. Hapa kwetu kiwanda cha sukari cha TPC pale chini ya Moshi wanajiendesha kwa bagasi na ziada inaenda TANESCO. TANWAT kule Njombe, watu wa miti ya miwati, wana mtambo wa megawati 2.5 tangu miaka ya 1990. Kiwanda cha sukari cha Kakira, Uganda, karibu na Jinja, wana zaidi ya megawati 50 na kama 32 zinaenda gridi ya taifa. Na sheria kwetu ilishafungua mlango tangu 2008, mkataba wa mfano kwa wazalishaji wadogo kuanzia kilowati 100 mpaka megawati 10, EWURA, wadhibiti wa nishati, wanausimamia. Hakuna anayetuzuia.

Ila pia kuna kiwanda cha sukari cha Mumias. Kenya, 2009, wakafunga mtambo wa megawati 35, 26 ziende gridi, tulikuwa tunausema kama mfano kwenye kila kikao. Mtambo wenyewe haukuwa na ubaya. Miwa ikapungua, madeni yakapanda, na kufika 2019 kiwanda kiko chini ya mrasimu wa benki, mtu aliyewekwa kusimamia mali kwa ajili ya deni. Bila miwa hakuna bagasi, bila bagasi tabaini ni chuma. Kwa hiyo usiniletee hesabu za tabaini bila hesabu za shamba.

Sasa vijana wangu niwaambie. Acheni kuogopa kuandika. Namba zako unazopima kwa mkono ni mali, ziandike, weka tarehe, weka jina lako kila ukurasa, piga picha, tuma nakala kwa barua pepe kwa bosi na mwenzako kabla hujampa mtu yeyote daftari. Hilo nimelipia. Na acheni kukaa nyuma karibu na mlango, kaeni mbele, namba ni zenu. Na nyie wenye viwanda, mnalipa watu watoke mbali waje wawaambie kitu ambacho mlisha boila wenu anakijua kwa masikio. Muulizeni kwanza. Mkishamuuliza mlipeni. Ufanisi wa nishati haununuliwi na tabaini, unaanza na mtu anayejali trapu moja inayovuja saa nane usiku wakati hakuna anayemwona. Nimeona viwanda vyenye mitambo ya bei mbaya na mvuke unaruka kama chemchemi, na nimeona kiwanda masikini kabisa mabomba yamefungwa nadhifu, na huyu wa pili ndiye anayebaki sokoni. Pimeni. Nasema tena pimeni. Kama hujapima huna mradi, una maneno.

Turudi kwako mdogo wangu wa Singida na hizo megawati 2. Boila ya tani 6, hata ikiwa ya bar 20, mvuke wote ukishuka mpaka bar 3 unakupa kama kilowati 250 hivi. Hizo 2 wanazosema haziwezi kutoka hapo. Maana yake wanataka kukuuzia boila mpya kubwa ya presha ya juu na tabaini yenye kondensa, uchome makapi kwa ajili ya umeme peke yake na joto lake ukalimwage kwenye mnara. Inaweza kufaa mahali pengine, ila je makapi yako yanatosha miezi yote? Alizeti ina msimu. Ukianza kununua makapi kwa jirani bei yake itapanda kesho yake, nimeiona ikitokea kwenye pumba za mpunga, zilikuwa zinatupwa barabarani leo zinauzwa kwa roba.

Kwenye ripoti yako ukurasa wa kwanza usiandike megawati. Andika mvuke. Tani ngapi usiku, ngapi mchana, ngapi Jumapili, presha gani inatoka na presha gani inatumika, makapi kiasi gani kwa mwezi kuanzia mavuno mpaka mwezi mkavu kuliko yote. Kama mita haipo pima maji ya kulisha boila kama nilivyoeleza, inatosha kuanzia. Wale wauzaji waulize swali moja tu kwa maandishi: mvuke unaotoka kwenye tabaini yenu una presha gani na unaenda wapi? Wakikwambia unaenda kwenye kondensa, ujue wanauza umeme, sio kojenereshoni. Na wakikuletea tabaini ya mtumba sikatai, zipo nzuri, ila dai kuona rota imefunguliwa, rekodi za mtetemo, na uhakika wa kupata beringi na sili zake, bila hivyo acha.

Mwambie bosi wiki mbili ni chache, unaomba mwezi, na mwambie mimi nimesema. Ukishapata namba za wiki ya kwanza nitumie zile za usiku kabla ya zote, ntakupigia tukae tuzihesabu pamoja.